Karatasi Tatu Ukutani kwa Bibi Chausiku

Katika Kihonda nzima hakuna mtu aliyesoma vitabu vingi utotoni kuliko Bi Editha. Na kama yupo, Bi Editha hajampa kibali cha kusema!

Mjane huyu wa mwalimu mkuu, naye mwenyewe mwalimu mstaafu, huzungumza habari za vitabu kama wenzake wanavyozungumza habari za wajukuu. Ukienda kumsalimia, hata viatu hujavua, utaulizwa: "Wewe ulipokuwa mdogo ulisoma nini?" Ukijibu kwamba hukumbuki, utaletewa chai ya rangi. Ukitaja kitabu kimoja, utaletewa ya maziwa. Ukitaja viwili, kitumbua juu yake. Na ukiwa bado unatafuna, yeye atafumba macho, ataweka mkono kifuani, atashusha pumzi kama mtu aliyekumbuka enzi za uchumba, na atasema:

"Zakaria!"

Hapo ujue ratiba yako ya siku imekufa.

Zakaria alikuwa shujaa wa kitabu ambacho Bi Editha alikisoma akiwa darasa la tatu, kijijini kwao, juu kabisa milimani Uluguru. Kitabu kiliitwa Ng'ombe wa Bonde la Ukungu. Ng'ombe kumi na wawili wa chifu wamepotea. Wazee wametafuta mpaka wamechoka. Askari wametafuta mpaka wakapotea wao. Ndipo anapotokea Zakaria! Wengine wakifika njia panda wanakuna vichwa, yeye hata hasiti. Wengine wanaona majani matupu, yeye anasema, "Wamepita hapa," na kweli bwana, alama za kwato hizo hapo!

"Kijana mwadilifu kuliko wote waliowahi kuandikwa kwa Kiswahili," Bi Editha husema, na huwezi kumbishia, maana kitumbua chake kiko mdomoni mwako.

Alimpenda kiasi kwamba mwanawe wa kwanza alimwita Zakaria. Siku ya ubatizo padri alifurahi sana, akidhani jina ni la mtakatifu. Bi Editha hakumsahihisha. Moyoni aliona hapakuwa na tofauti kubwa.

Na Zakaria wa pili hakumwangusha mama. Amekuwa wakili, ana tumbo la heshima na suti ya rangi ya mkaa. Mwaka huu akajenga chumba cha kusomea katika shule ya msingi ya kijijini kwa mama yake, akakijaza rafu na vitabu, na juu ya mlango yakaandikwa maneno ya bluu, makubwa kama ya stendi ya mabasi: CHUMBA CHA KUSOMEA ZAKARIA. Maneno hayo yakafunikwa kwa kitenge yakingojea siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi akateuliwa kuwa Bi Editha. Aliyemteua? Bi Editha.

Kulikuwa na jambo moja tu, tena dogo kama punje ya ulezi. Bi Editha hakuwahi kukimaliza kitabu kile.

Asilaumiwe! Kwanza, hakikuja kama kitabu. Kilikuja kama karanga.

Enzi hizo misheni ilitupa furushi la vitabu vilivyoliwa na unyevu, na Bibi Chausiku, muuza karanga wa kijiji, akavizoa vyote. Karanga zake zilitoka Kisaki, chini kwenye joto, na kila fungu alilifunga kwa karatasi moja iliyosokotwa kama pembe. Editha mdogo akamtekea maji bibi huyo, ndoo kwa fungu. Leo anapata ukurasa wa kumi na nne. Kesho wa arobaini. Keshokutwa wa tisa, una chumvi. Alikula karanga mpaka tumbo likawa linanguruma kama lori likipanda mlima! Karatasi za Zakaria akazishona pamoja kwa uzi wa katani, akazisoma chini ya migomba, kwenye foleni ya maji, na kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo, mpaka akafika ukurasa wa hamsini na nane, pale Zakaria anaposimama mbele ya pango, kandili mkononi.

Karanga zikaisha.

Wala si za Bibi Chausiku tu. Msimu mzima uliisha! Mtoto yule alilia siku tatu. Siku ya nne akajifuta kamasi na kuutunga mwisho mwenyewe: Zakaria anawatoa ng'ombe pangoni, kijiji kinambeba juu juu, chifu anampa binti na ndama. Mwisho huo ameusimulia zaidi ya miaka hamsini, na kila mwaka ndama anaongezeka.

Basi siku ya uzinduzi ikafika. Bi Editha akapanda milima ndani ya gari la mwanawe, amevaa gauni la zambarau na viatu vyenye kisigino ambavyo udongo wa kijiji ulivikataa tangu hatua ya kwanza. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani, pamoja na watoto mia mbili na Mwalimu Grace, mwalimu mkuu, aliyekuja mbio kumpokea.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Hotuba yangu ni fupi. Kurasa kumi na nne tu."

Akahutubia. Alimsifu Zakaria wa kitabuni, akamsifu Zakaria wa suti, akawachanganya kwa ufundi mpaka watoto wakaamini wakili ndiye aliyewatafuta ng'ombe. Makofi! Vigelegele! Kisha akaelekea mlangoni kwa madaha ili kuondoa kitenge.

Mlangoni palikuwa na mzee amelala chali, kabichi chini ya kichwa chake kama mto.

Alikuwa Mzee Abeid, mkulima wa kabichi, mtoto wa marehemu Bibi Chausiku. Sasa, ukoo wa Abeid na ukoo wa Bi Editha ni watani tangu kwa mababu. Na mtani ni mtani: akikuzibia njia humsukumi, akikutukana hununi. Ukinuna umejiaibisha mwenyewe.

"Hapa hapiti mtu," akasema Abeid, macho kayafumba. "Mimi ni maiti."

"Abeid, hebu ondoka, unatuchelewesha."

"Maiti haondoki. Maiti anabebwa."

Watu wakaangua kicheko. Bi Editha akatabasamu kwa meno ya mbele tu.

"Haya mtani, unataka nini?"

"Nataka kujua kwa nini shule ya wajukuu zangu inaandikwa jina la mwizi."

Wakili Zakaria akageuka nyuma kumtafuta huyo mwizi.

"Mwizi nani?" akauliza Bi Editha.

"Zakaria! Si ndiye aliyewaiba ng'ombe?"

"Wewe! Umekisoma wapi kitabu hicho, na utotoni ulikuwa unamkimbia mwalimu kama umemwibia?"

Abeid akafufuka, akakaa kitako, akaikumbatia kabichi yake.

"Ukutani," akasema. "Karatasi tatu za mwisho marehemu mama hakuzifungia karanga. Alizibandika kwa uji wa muhogo juu ya kitanda changu, kuziba ufa. Nimelala nikizitazama miaka kumi na miwili! Wenzangu walikuwa na vitabu, mimi nilikuwa na ukuta. Lakini nilijua kila neno. Mwanzo wake ndio nausikia leo, kwenye hotuba yako. Tamu kweli!"

Bi Editha akakisahau kitenge. Karatasi tatu! Zaidi ya nusu karne alikuwa amezitamani karatasi hizo, na zilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani kwao, zikimlinda Abeid dhidi ya upepo!

Hapo mgeni rasmi mwenye busara angebadilisha mazungumzo. Lakini mtoto wa darasa la tatu aliye ndani ya Bi Editha alikuwa amesimama mbele ya pango lile tangu enzi hizo, naye alikuwa amechoka kusimama.

"Abeid," akanong'ona, "pangoni mlikuwa na nini?"

"Hujui?" Abeid akatoa macho. "Jamani! Kumbe hakukimaliza!"

"Sema, mtani, usinitese!"

Abeid akafumba macho, akaanza kukariri kwa sauti ya mtoto anayeogopa fimbo. "Ukurasa wa hamsini na tisa. Zakaria akaingia pangoni akiwaambia wazee wangoje nje, lakini mzee mmoja akamfuata kimyakimya..."

"Enhe! Halafu?"

"Halafu karatasi imekwisha. Inafuata ya sitini na moja. Zakaria akapiga mluzi, na ng'ombe wote wakamjia mbio, kwa maana walimzoea."

"Walimzoea?" akauliza Bi Editha.

"Walimzoea. Yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha humo! Mtani, hukujiuliza hata siku moja kwa nini kwenye njia panda hasiti?"

Uwanja mzima ukasema, "Aaaaah!" Bi Editha alikuwa mwalimu miaka thelathini na miwili, na swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani hata kwa bahati mbaya.

"Malizia," akasema kwa sauti nyembamba.

"Ukurasa wa sitini na tatu. 'Ndiyo, ni mimi,' akasema Zakaria huku akipiga magoti. Basi."

"Basi vipi? Ukurasa wa sitini na nne?"

"Huo umeangalia udongo. Karatasi ikibandikwa unasoma upande mmoja. Pande zingine zote umezisoma ukuta."

Bi Editha akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Basi hatujui mwisho! 'Ni mimi' nini? Ni mimi niliyewapata! Ni mimi niliyewaokoa! Kijana kasingiziwa huyo!"

"Kisheria mama ana hoja," akasema Zakaria, akifunga kifungo cha koti. "Kauli haijakamilika."

Mwalimu Grace akakohoa. "Mama, naomba unisamehe. Kitenge hakitoki mpaka huo ukurasa usomwe. Siwezi kuwafundisha watoto uaminifu, halafu nikawaingiza kwenye chumba chenye jina la mwizi wa ng'ombe."

Ndipo msafara ukaanza! Mbele Abeid na kabichi, nyuma yake mgeni rasmi akizama na visigino, kisha wakili, kisha watoto mia mbili wakiimba ule wimbo wa kumpokea mgeni, kwa kuwa ndio pekee waliofundishwa. Wanawake waliokuwa wakipalilia njegere wakaacha majembe wakafuata, wakidhani kuna harusi.

Nyumba ya Bibi Chausiku bado imesimama. Siku hizi ni ghala la kabichi, na beberu mmoja anaishi humo bila mkataba. Ukutani, zimepakwa moshi na miaka, karatasi tatu zilikuwa pale pale. Bi Editha alipoziona alisahau gauni, alisahau cheo, akapiga magoti juu ya kinyesi cha mbuzi kama aliye mbele ya altare.

"Maji ya uvuguvugu," akaagiza. "Na mtu asipumue!"

Akailowesha karatasi ya tatu kwa leso yake, polepole, pembe hadi pembe. Watoto mia mbili madirishani na mlangoni hawakupumua. Beberu alipumua, akafinywa. Hatimaye karatasi ikabanduka nzima, nyuma yake kahawia kama chapati, lakini herufi zinasomeka.

"Soma, mama!" akasema Zakaria. "Kwa sauti, wote wasikie."

Bi Editha akasimama. Akavaa miwani. Akainua kidevu kwa namna iliyowahi kunyamazisha madarasa matatu kwa mpigo, akasoma:

"Maswali."

"Maswali gani?" akauliza Abeid.

Bi Editha alikuwa ameshaona yanayofuata, lakini mdomo wa mwalimu ukianza kusoma hausimami katikati ya ukurasa. "Swali la kwanza. Zakaria aliwaficha wapi ng'ombe aliowaiba?"

Loo! Mikono mia mbili ikapaa, vidole vikialika kama mahindi kwenye kikaango. "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi! Pangoniii!"

"Vizuri sana," akasema Mwalimu Grace. Mazoea mabaya.

"Swali la pili. Taja mambo matatu ambayo Zakaria aliwadanganya wazee."

"Mwalimu! Aliwaambia wamepita hapa!"

"Mwalimu! Aliwaambia wangoje nje!"

"Mwalimu! Alisema ametafuta ng'ombe, na kumbe ana suti!"

Wakili akamwita dereva wake pembeni, akamnong'oneza ashuke mjini upesi akatafute rangi nyeupe, kopo kubwa.

Swali la tatu Bi Editha alilisoma kwa macho peke yake, akaikunja karatasi. Lakini Abeid, aliyenyimwa usingizi na karatasi hizo miaka kumi na miwili, alikuwa ameshachungulia begani. Akalisoma kwa nguvu, mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia:

"Swali la tatu! Je, wewe ungependa kuwa na mtoto kama Zakaria? Toa sababu!"

Hakuna mkono ulioinuka. Watoto wakamtazama wakili. Wakili akamtazama mama yake. Hata beberu akamtazama.

"Hilo si la watoto," akasema Abeid, akiketi juu ya kabichi yake apate kusikia vizuri. "Mwalimu Grace, mwite anayehusika."

Mwalimu Grace hakukusudia ubaya. Ni ile kazi ikishamwingia mtu mwilini. Akasema, "Haya, Editha?"

Na mjane wa mwalimu mkuu, msomaji wa kwanza wa Kihonda nzima, mgeni rasmi, akasimama wima, akakunja mkono mmoja nyuma ya gauni la zambarau, akanyoosha kidole cha mkono wa pili juu kabisa.

"Mwalimu," akasema, "naomba ruhusa niende nje."