Jino la Mshenga

Alhamisi, 14 Agosti 2025
Chanika, Handeni. Balaa. Jino la mbele limekatika asubuhi, natafuna muhogo mbichi. Kimebaki kisiki. Na Jumapili mimi ndiye mshenga wa Hussein, mtoto wa dada yangu. Tunakwenda Mashewa kumposea mke, binti aitwaye Ikram. Nikitamka "posa" unatoka upepo mtupu. Jirani yangu Awadhi kaja kutoa pole. Akasema nikishindwa, yeye yupo. Nani kamwomba?

Ijumaa, 15 Agosti
Korogwe, kwa daktari wa meno. Dokta Husna kanishikia kioo: kisiki kimeoza. Mimi, ninayepiga mswaki kila Ijumaa! Akaeleza kuwa gundi yao hushika barabara kwenye jino zima; penye uozo hushika kwa kusuasua, kwa hiyo lazima achimbe kwanza. Nilipoona kile chuma cha kuchimbia nikakumbuka nina mgeni nyumbani. Nikampitia fundi viatu, kanimiminia gundi kwenye kifuniko cha soda. Gundi ni gundi.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimelibandika mwenyewe. Limekaa. Nimemchekea Awadhi mara tatu, bila sababu.

Jumapili, 17 Agosti
Mpaka sasa siamini. Mashewa walitupokea vizuri. Awadhi naye kaja, eti msindikizaji. Likaletwa bada, ugali wa muhogo unaonata kuliko dhambi. Tonge la tatu, jino likaachia kisiki. Kumbe gundi ilivuja pembeni, ikashika jino zima lililo jirani yake, na huko haikuachia. Nikaanza kuposa. Kila neno, jino linafunguka na kujifunga kama mlango wa banda. Bibi Mwaija, bibi yake Ikram, akaacha kula. Akauliza kwa upole kama Handeni wote ndivyo tulivyo. Aibu niliyoona, sijui niiweke wapi. Awadhi akamalizia maneno. Posa imekubaliwa, sifa zote kwake.

Jumatatu, 18 Agosti
Hussein kanihurumia: nitatoa nasaha harusini. Dokta Husna kanibandua kwa shida, akasema si alinionya, sasa tuchimbe. Nikamkumbuka yule mgeni.

Njiani nimetafakari sana. Daktari kasema kweli, gundi inapenda meno mazima. Basi kosa langu ni kubandika jirani mmoja tu. Harusini nitabandika kulia na kushoto, kisiki kisihusishwe kabisa. Fundi viatu nimeshamwambia anijazie vifuniko viwili.