Tuzo ya Kukataa Betri

Redio ya Zeituni ilikuwa imemaliza tu matangazo ya vifo ilipoleta habari iliyomfanya Bilal ateme kahawa. Kiwanda cha taa za sola kilichoko nje kidogo ya mji wa Kakamega kimepewa tuzo ya ubora. Sababu yenyewe ni kwamba mashine yake mpya ni kali ajabu, na kati ya betri kumi inazopima inakataa tisa. Hakuna kiwanda kingine magharibi nzima kinachokataa namna hiyo, mtangazaji akasema kwa fahari, utadhani mashine ni shemeji yake.

"Tisa kwa kumi!" Bilal akafuta ndevu. "Hiyo si mashine, hiyo ni ubalozi. Inanyima watu visa."

Bilal ni mtu wa bodaboda. Pale kijiweni wanamwita Breki, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho pikipiki yake haina. Kijiwe chenyewe ni benchi mbili na jiko la makaa nyuma ya stendi, mali ya Zeituni, mama wa Mumias ambaye kahawa yake chungu imeamsha watumishi wa umma wengi kuliko saa zao za ukutani.

"Na wanapewa tuzo kwa kukataa?" Zeituni akauliza huku akipepea makaa. "Basi na mimi nipewe. Kuna wanaume wanne nimewakataa hapa Kakamega, na sijawahi kutangazwa."

"Mama Hamida, hiyo ni mambo ya viwango," Cornelius akamjibu Zeituni. "Usilete mzaha kwa mambo ya viwango."

Huyu anaitwa Faili. Ni karani wa ofisi moja ya kaunti, na kwa wakati ule, saa tisa za alasiri, alikuwa kazini. Koti lake lilikuwa limening'inia kwenye kiti ofisini likimwakilisha.

Jescah hakucheka. Yeye ndiye anayeitwa Mita, na habari ile ilimwingia kama mwiba. Kwa miaka minne alikaa kwenye meza ya kupima ya kiwanda kilekile. Alikuwa anashika betri moja moja, anaibana kwenye mita, anasoma, kisha anaitia sahihi kwa kalamu ya wino. Miezi minne iliyopita wakaleta mkono wa chuma, unaookota betri, unaiweka chini ya mita ileile, kisha unaitupa kwenye ndoo ya kijani ikiwa nzuri au nyekundu ikiwa mbaya. Siku ya kuujaribu wakaulisha kreti moja ambayo Jescah alikuwa ameipima na kuitia sahihi. Mkono ukatupa kreti nzima kwenye ndoo nyekundu. Meneja akaandika barua siku hiyohiyo, kwamba Jescah amepitisha betri mbovu kwa miaka minne, na nakala ikabandikwa langoni. Mama mkwe wake aliisoma akipita kwenda sokoni. Tangu hapo Jescah hajawahi kualikwa kupika kwenye sherehe yoyote ya ukoo, kana kwamba hata chumvi atapima vibaya.

"Usisikize redio, Mama Emily," Zeituni akamwambia polepole, akimwongezea kahawa.

"Nasikiza vizuri sana," Jescah akajibu. "Nataka kujua vile mtu hupewanga tuzo."

Wakati huo akatokea Oliver, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, koti la kung'aa likiwa limefungwa vifungo vyote na jua lote lile. Huyu ndiye Injinia. Alipelekwa Nairobi kwa kozi ya wiki mbili, akarudi akitembea tofauti. Ni yeye aliyeunganisha mkono na mita.

"Mulembe, wananchi!" akasalimu. "Mmesikia?"

"Tumesikia mnakataa watu," akasema Bilal. "Kaa chini, mheshimiwa balozi."

"Mzuri huchukiwa bila sababu, buda. Ile mashine nimeifunga na hii mikono yangu. Mita na ule mkono zilikuwa haziongei. Moja ilitoka Asia, ingine ilitoka Ulaya, kila mtu na lugha yake. Mimi ndiye niliwaoza."

"Na mahari ikaliwa na nani?" Zeituni akauliza.

"Wacha ajibu," Cornelius akasema. "Injinia, niko na swali la kiofisi. Ile taa yenu tulinunuliwa kumi pale ofisini, zote ziko na stika ya IMEPITA. Nilibeba moja nyumbani, ya matumizi ya ofisi nikiwa nyumbani. Iliwaka siku mbili. Zile zingine hata hazikuwaka."

"Umeianika kwa jua?"

"Nimeianika mpaka imekuwa nyeusi kuliko mimi."

"Hapo sasa. Mmezidisha jua. Wateja hawasomangi maagizo."

"Zote kumi zimezidishwa jua? Tisa ziko ndani ya kabati!"

Bilal akapiga paja kwa kicheko. "Mzee, wewe unanunua zenye zimepita. Hiyo ni ushamba. Mimi nachukuanga rijekti. Ndoo nyekundu inamwagwa nyuma ya ukuta, unajichotea bure. Taa ya pikipiki yangu ni rijekti tatu. Miezi mitatu, inamulika mpaka msitu wa Buyangu, nyani wanafunika macho."

"Hata hii taa yangu ya jiko ni rijekti," Zeituni akasema. "Na ile redio imewatangazia tuzo, mnadhani inakula nini? Rijekti."

Kicheko kikapungua kidogo kidogo hadi kikaisha. Jescah alikuwa ameweka kikombe chini.

"Breki," akasema, "toa hizo betri zako."

"Mama Emily, niko na abiria wa Lurambi saa kumi..."

"Toa."

Bilal akatoa. Jescah akafungua mkoba wake, akapita barua iliyokunjwa mara nne, akachomoa mita ndogo ya manjano. Alifukuzwa kazi, lakini mita ya mkononi ilikuwa yake mwenyewe, na hajawahi kutembea bila hiyo. Akafunga kibalbu kidogo kwenye betri ili ipimwe ikiwa inafanya kazi, akagusisha ncha mbili, akasoma. Nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu nzuri. Akaendea redio ya Zeituni, nayo nzuri. Kisha akanyoosha mkono kwa Cornelius, ambaye alitoa kwenye mfuko wa plastiki ile taa aliyokuwa amebeba nyumbani, stika ikiwa bado juu yake. Akaibandua kifuniko, akapima.

"Maiti," akasema.

"Iko na stika," Cornelius akanong'ona, kwa huzuni ya mtu aliyeiamini serikali.

Oliver akaanza kufungua vifungo vya koti. "Hizo ni tano tu. Sampuli ndogo."

"Oliver, mwanangu," Jescah akasema, na sauti yake haikupanda. "Ule mkono unajuaje betri ni nzuri?"

"Simpo. Mkono ukishaweka betri, unaambia mita: anza. Mita ikimaliza inajibu kwa waya mwingine. Waya ukiwa na umeme, ni nzuri. Usipokuwa na umeme, ni mbaya."

"Nani alikuambia ukiwa na umeme ni nzuri?"

"Si ni akili ya kawaida? Ukiwasha swichi, umeme unakuja, ni nzuri. Umeme ukipotea, ni mbaya. Hapa Kakamega nani hajui hiyo?"

"Mita haijazaliwa Kakamega," Jescah akasema. "Nimekaa na ile mita miaka minne. Wakati nyinyi mlikuwa mnaenda chakula cha mchana, mimi nilikuwa nasoma kile kijitabu chake, mpaka ukurasa wa tundu la nyuma, mahali waya zinaingia. Ile mita ikipata betri nzuri, inakata umeme kwa ule waya. Ikipata mbaya, inauacha. Imeandikwa kwa herufi nzito. Ulisoma?"

"Kijitabu kilikuwa kwa droo yako," Oliver akasema. "Na droo ilifungwa siku ulipewa barua."

Makaa yakalia. Miezi minne Jescah alikuwa akiamka akijiuliza kama kweli macho yake yaliwahi kumdanganya, kama kweli alikuwa akiwapa watu taa mbovu. Kreti ile yote ilikuwa nzuri. Mashine ilikuwa imesema hivyo siku ileile, betri kwa betri, na wakaielewa kinyume.

"Kwa hivyo," Bilal akasema polepole, "tuzo ya ubora ni ya kutupa nzuri na kuuza mbovu."

"Kwa ukali," Cornelius akaongeza. "Usisahau ukali."

"Nitarekebisha," Oliver akasema. "Ni kugeuza kitu kimoja tu kwa mkono. Hata dakika haiishi. Mama Emily, nisamehe. Ngoja nipigie meneja."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Meneja, Bwana Wesley, akasikiliza maelezo yote, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Usiguse kitu," akasema. "Kamati ya tuzo inakuja kuikabidhi Alhamisi saa nne. Wanataka kuona asilimia tisini kwa macho. Wakute inakataa moja kwa kumi, nitawaambia nini? Tumelegea?"

"Lakini bosi, taa hazitawaka."

"Wageni wakienda, badilisheni ndoo! Ya nyekundu iuzwe, ya kijani imwagwe. Mbona nyinyi mafundi mnapenda mambo makubwa?"

"Na Mama Emily? Betri zake zilikuwa nzuri."

"Arudi. Sina ubaya na yeye. Ila kuna utaratibu. Kila anayeajiriwa kwa upimaji anachagua betri tano nzuri, zinapitishwa kwa mashine. Mashine ikizikubali, ameingia."

Bilal akakokotoa kwa vidole, midomo ikitembea. "Ngoja. Mashine inakubali mbovu. Kwa hivyo ili apate kazi, lazima achague maiti tano na atie sahihi?"

"Mzee Faili ako nazo kumi," Zeituni akasema kwa ukali. "Amwazime basi!"

"Tisa ziko kwa kabati," Cornelius akakiri. "Lakini itabidi mtu aandike ombi."

Jescah akasimama. Kazi aliitaka, Mungu anajua. Karo ya Emily ilikuwa imekwama na mume wake alikuwa ameanza kumsemesha kwa kupitia watoto. Angeweza kuchukua maiti tano, atie sahihi, kesho aamke akienda kazini kama watu. Lakini mkono wake haujawahi kuandika jina lake juu ya betri iliyokufa, na hasira ikampanda hadi masikioni kwamba ndiyo hiyo anayoombwa sasa. Akaichukua simu mikononi mwa Oliver.

"Meneja, mulembe. Ni Jescah. Nitakuja kupimwa. Na betri tano nzuri, ziko na sahihi yangu."

"Karibu sana, mama. Kesho asubuhi..."

"La. Alhamisi, saa nne. Mbele ya kamati. Nitabeba mita yangu, na nitabeba kile kijitabu mkinifungulia droo. Mashine ikizikataa, nitawaonyesha wageni kwa nini."

Sauti ya Wesley ikabadilika kabisa. "Mama Emily! Kwani ni lazima tufike huko? Kuja leo. Kuja sasa hivi. Natuma gari."

"Usitume gari. Tuma barua. Iandike kwamba mimi sikukosea, na ibandikwe langoni, palepale, mama mkwe wangu aisome akienda sokoni. Ikiwa hapo kabla ya Alhamisi, kamati yako itanikuta kwa meza yangu nikifanya kazi. Isipokuwa hapo, itanikuta kwa lango."

Akamrudishia Oliver simu, akaketi, akanywa kahawa yake iliyokwisha kupoa.

"Oliver," Wesley akanong'ona simuni, "hiyo maneno imesikika na nani mwingine?"

"Hakuna, bosi," akasema Oliver, akigeuka kuhesabu waliokuwa kwenye benchi. "Ni sisi watano pekee."

Walikuwa wamebaki wanne. Bilal alikuwa ameshawasha pikipiki, abiria wa Lurambi amepanda nyuma, na kabla hata hawajaingia barabarani alikuwa ameshamsimulia mpaka pale kwenye droo.