Ukuta Umenisema kwa Profesa

Leo nimeaibishwa na ukuta. Si mtu. Ukuta wa nyasi na mavi ya ng'ombe.

Nyinyi mmekuwa mkiniita Injinia humu kwa grupu. Naomba hilo jina mlirudishe polepole, bila kelele. Naeleza mwenyewe kwa sababu habari hii itafika Kitengela kabla yangu, na afadhali muipate kwangu ikiwa na chumvi kidogo.

Mnajua kazi yangu. (Mnajua kwa sababu nimewaambia kila siku, na picha juu.) Nachunga vyumba viwili vidogo hapa Kisaju, kwa boma la mama mmoja tunamwita Yieyo. Binti yake, Nasieku, anasomea PhD ya uhandisi wa joto. Chumba kimoja ni mabati matupu, vile nyumba nyingi zetu ziko. Kingine ni mabati kwa nje, lakini ndani amekifunika na vibao vinene vya nyasi zilizoshindiliwa na mavi ya ng'ombe, kama nyumba ya nyanyake ya zamani. Vipima joto vimebandikwa kila kona, waya zinaingia kwa sanduku, na sanduku linaandika usiku na mchana. Anataka kujua chumba gani kinashinda baridi ya Julai na kwa kiasi gani.

Kazi yangu ni moja tu: mtu asiingie.

Siku ya kwanza Nasieku alinisimamisha mlangoni akanitazama kama mwalimu wa hesabu. "Barasa, mtu ni jiko," akasema. "Ukiingia humu umewasha moto, na mimi nitapima moto wako nikidhani ni ukuta."

Nikamwambia nimeelewa. Mimi nilitoka shule kidato cha pili, lakini jiko nalijua. Jioni hiyo nikaenda Kitengela nikanunua koti jeupe la mitumba, lile mliona kwa picha. (Baadaye Yieyo aliniambia ni koti la watu wa bucha. Ukinusa mfuko wa ndani, hana makosa.)

Sasa niwaambie kuhusu Blanketi.

Blanketi ni mtoto wa mbuzi. Alizaliwa mwezi huu, mamake akamnusa, akamkataa, akaenda kula nyasi kama mtu amemaliza kulipa fare. Na baridi ya Kisaju ya alfajiri hamuijui nyinyi mnaolala gorofani. Upepo unatoka huko tambarare na hakuna hata mti wa kuuliza unaenda wapi. Nilimkuta anatetemeka mpaka masikio. Na mimi niko na shida moja tangu utotoni: siwezi kuona kitu kinatetemeka halafu nikaendelea na maisha.

Nikaangalia chumba cha mabati. Friji. Nikaangalia kile cha nyasi. Kilikuwa kimetulia pale, kina joto kama kwapa.

Nikajiambia, mtu ni jiko, sawa. Lakini mbuzi mdogo hivi si jiko. Labda kiberiti.

Shida ni kwamba mbuzi hawezi kujishikia chupa ya maziwa. Kwa hivyo na mimi nikaingia. Akishiba analala juu ya mguu wako, na sasa wewe ni nani wa kumwamsha? Nikawa naegemea ukuta nikisubiri aamke, na mara nyingi nilikuwa namsubiri huku nikikoroma. Hiyo ikawa desturi yetu kila alfajiri, mpaka jua litoke. Jumapili pekee ndio Blanketi alikuwa anakaa kwa moto wa Yieyo, kwa sababu mimi huwa nimeenda kuimba.

Hakuna mtu alijua. Ama nilidhani hivyo.

Wiki hii Nasieku akaniambia profesa wake, yule anamsimamia masomo, anakuja kukagua vipimo. Akiridhika, Nasieku anaacha kupima, anaenda kuandika kitabu chake, na ndio anakaribia kumaliza. Wenzake walioanza pamoja wameshavaa joho. Yeye bado anakanyaga mavi ya mbuzi na laptop mkononi. Akasema pia kwamba mambo yakienda sawa atamwomba profesa anichukue karakana ya chuo, nifundishwe kufunga hizo waya. Sikulala vizuri siku hiyo. Nilikuwa nimeshajiona na koti, safari hii la kweli.

Profesa alikuwa afike leo mchana. Mpango wangu ulikuwa safi: mbuzi nje, ufagio ndani, koti lipigwe pasi.

Kumbe jana jioni alibadilisha mawazo. Alitaka kufika kabla ya jua. Nasieku aliniandikia kwa WhatsApp, lakini simu yangu ilikuwa imezima. (Chaji yake iliishia kwenu. Ile picha nikionyesha jua kwa kidole.)

Kwa hivyo leo alfajiri mimi na Blanketi tulikuwa kwa nafasi yetu ya kawaida wakati nilisikia milango ya gari ikifungwa.

Sijawahi kutoka mahali haraka vile. Mlango unaangalia zizi, hawakuniona. Nilimpitisha Blanketi juu ya ua hadi jikoni kwa Yieyo, nikavaa koti, nikazunguka nyumba, nikatokea mbele yao nikitembea polepole kama mtu ametoka kufikiria.

Profesa ni mtu mfupi mwenye skafu na glavu. Alikuja na wanafunzi wawili wa kumbebea vitu. Akaniuliza kazi inaendaje.

"Salama sana, Profesa. Hali ya joto inaridhisha."

(Sijui hayo maneno yalitoka wapi.) Nasieku alinitoa kipande cha nyasi kwa nywele.

Profesa akaweka laptop juu ya boneti akaanza kueleza, na nilisogea kwa sababu napenda kujifunza. Kulikuwa na mstari. Mstari unashuka usiku wote, unashuka, unashuka, halafu karibu na alfajiri unainuka ghafla, unakaa juu kidogo, kisha unarudi. Kama nundu ya ng'ombe.

"Nundu yetu," Profesa akasema, na sauti yake ikawa ya upole kama ya mtu anamtaja mchumba.

Akaeleza kwamba ukuta wa nyasi na mavi unameza joto la mchana, unalificha ndani kabisa, halafu unalitoa alfajiri, saa ile mtu analihitaji zaidi. Hajaona kitu kama hicho popote. Ameshawaambia wenzake. Makala imeshaanza kuandikwa, jina lake mbele, la Nasieku nyuma. Nasieku hakujali majina. Aliniambia kando kwamba nyanyake alikuwa anasema nyumba ya zamani inajua saa, inakufunika kabla ya kukuamsha, na watu walikuwa wanamcheka. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Nisiwadanganye. Na mimi nilikaribia kulia. Nikawaza, kweli huu ukuta una roho.

Halafu mwanafunzi mmoja akauliza mbona nundu haikuweko mwanzo wa mwezi. Profesa akajibu ukuta ulikuwa bado haujakomaa. Mwanafunzi akauliza mbona Jumapili haipo. Profesa akatabasamu, akasema hilo amelifikiria sana. Jumapili malori ni machache kwa barabara ya Namanga. Ardhi haitikisiki. Bila mtikisiko, joto halishtuki kutoka.

Wote wakaandika. Joto halishtuki kutoka.

Hapo ndipo nilianza kuhesabu kwa vidole. Kila siku alfajiri. Tangu mwezi uanze kukomaa. Isipokuwa Jumapili.

Profesa akanigeukia. Akauliza, kwa utaratibu tu, kama kuna mtu yeyote huingia mle ndani.

Nilikuwa na nafasi. Mungu aliniwekea nafasi nzuri, pana, na kivuli. Mimi nikasema, "Profesa, hata mende hapiti bila mimi kujua."

Akafurahi. Akatoa kamera. Sikuwa nimeiona hiyo. Si kamera ya picha, ni kamera ya joto: kilicho baridi kinaonekana buluu, kilicho moto kinaonekana chekundu, na kila kitu kinatokea kwa tableti kubwa ambayo mwanafunzi alikuwa ameinua ili sote tuone nundu ikizaliwa. Tukaingia. Profesa akaielekeza kwa dari. Buluu. Ukuta wa kushoto. Buluu. Ukuta wa nyuma.

Pale nilipokuwa nimeegemea, ukuta ulikuwa umenichora.

Mtu mzima mwekundu. Kichwa kimeinama upande. Mabega. Mgongo. Na chini, sakafuni, matako mawili yaliyoiva vizuri, yamekaa kwa nafasi kama wageni wa harusi. Karibu na paja, kitu kidogo cha mviringo.

Profesa akasogeza kamera, akairudisha. Matako hayakuondoka.

"Hii inaweza kuwa unyevu," akasema.

Mwanafunzi aliyeshika tableti alikuwa anauma midomo. "Prof," akasema, "huu unyevu uko na masikio."

Na kama hiyo haitoshi, Yieyo akatokea mlangoni akiuliza nani amemtupia mbuzi jikoni. Blanketi akapita katikati ya miguu yake, katikati ya miguu ya Profesa, akaja moja kwa moja kwangu, akaanza kunyonya koti. Halafu, kwa vile ni mtoto wa desturi, akaenda kulala pale pale kwa alama yake. Kwa tableti akaingia kwa ule mviringo kama kifuniko kwa sufuria.

Bado ningeweza kusema ni leo tu. Niliianza hiyo sentensi. Lakini Nasieku alikuwa ananiangalia, si kwa hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. Akauliza polepole:

"Barasa. Jumapili huwa unatoka hapa saa ngapi kuenda kwaya?"

"Kabla ya jua," nikasema. "Tunaimba ibada ya kwanza."

Profesa alivua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. Kisha akasema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na nundu hiyo. "Nundu yako, Nasieku," akasema. Kwa boneti ilikuwa nundu yetu. Kutoka boneti hadi ukutani ilikuwa imeshahama.

Uamuzi ni huu: wiki zote za nundu zinatupwa. Chumba cha nyasi bado kinashinda cha mabati, hata siku ambazo sikuweko, kwa hivyo kitabu hakijafa. Lakini lazima apime upya mpaka Agosti, alfajiri zote, kukiwa hakuna mtu wala mbuzi. Joho lingoje. Karakana haikutajwa, na mimi sikuikumbusha. Profesa aliagana na kila mtu kwa mkono. Kwangu alifikiria kidogo, halafu akaniambia mimi na mbuzi wangu tunatoa joto zuri sana, thabiti, halina mtikisiko.

Walipoondoka nilivua koti nikampelekea Nasieku. Alikuwa amekaa juu ya mtungi wa maji, anafuta kwa laptop ukurasa aliokuwa ameandika maneno ya nyanyake. Nikamwambia atafute mtu mwingine.

Akanirudishia. "Vaa koti," akasema. "Ni baridi. Na mtu mwingine itabidi nimfundishe upya kwamba mtu ni jiko. Wewe sasa umejua."

Yieyo amecheka tangu asubuhi mpaka sasa. Anaingia jikoni, anatoka, anaangalia sehemu yangu ya kukalia, anaingia tena.

Kwa hivyo nawaandikia nikiwa nje, Blanketi ndani ya koti la bucha, sote wawili tunatetemeka kwa ajili ya elimu. Tafadhali msicheke. Na kama ni lazima, mchekee mbali na Kisaju, hicho chumba kisipate joto.