Malisho ya Gramafoni

Wellars alishuka kwenye meli ya Bukavu Jumapili moja akiwa na koti jeupe, viatu vya rangi mbili na njaa ya siku mbili, na kabla ya saa tisa mchana alikuwa ameshagundua ugonjwa wa vijana wa Gisenyi. Walikuwa na kila kitu isipokuwa maneno.

Aliugundua katika klabu ya Mukashyaka, karibu na soko. Mwaka ule, 1956, serikali ya Wabelgiji iliwapenda Waafrika wake mno, hata ikataka wote wawe vitandani mapema. Kwa hiyo usiku wa starehe Gisenyi ulianza saa nane mchana, jua likiwa kali, ukaisha saa kumi na mbili. Makarani walikuja na tai shingoni, wakacheza kwa adabu kama watu wanaopeleka barua, kisha wakaketi na kuulizana habari za kazi. Meza nzima ilikunywa bia na kuzungumzia mihuri. Wellars aliwaonea huruma, na huruma yake, kama ya wenzake wote wa kazi ile, ilikwenda moja kwa moja kwenye mali ya mgonjwa.

Mali yenyewe ilikuwa pembeni, juu ya stuli: gramafoni, sanduku jeusi lenye mkono wa kuzungusha, pamoja na sahani kumi na nne za muziki. Mwenyewe alikuwa Harerimana, karani wa posta, aliyeinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kila Jumapili aliibeba mwenyewe, akaizungusha mwenyewe, na mtu akinyoosha kidole karibu na sindano, Harerimana alikohoa. Bila gramafoni hiyo hakuna dansi. Bila dansi hakuna mnywaji. Na bila mnywaji, Saidati, mama aliyekaanga samaki mlangoni, angerudi nyumbani na karai limejaa. Mukashyaka mwenye klabu, Saidati na Harerimana walilijua hilo, Harerimana kuliko wote.

Wellars akainua glasi, akasema bila kumtazama mtu, "Mafuta iko baridi, lakini naona hapa hakuna mutu wa kutupa kamba."

Meza nzima ikamgeukia. Harerimana akauliza kwa upole amesema nini.

"Pardon, ndugu," Wellars akajibu. "Nilisahau niko wapi. Hiyo ni luga ya ma-klabu ya Léo."

Kisha, kwa kuwa alibembelezwa, akaeleza. Kule Léopoldville, marafiki wanaotoka pamoja jioni wana lugha yao. Bia ni mafuta. Kuwalipia wenzako ni kutupa kamba. Kucheza na msichana ni kukata wimbi, polisi ni jiwe, kurudi nyumbani ni kufunga bandari, na yule anayekunywa vya watu halafu akatazama dari wakati wa kulipa ni samaki wa chini. Mtu anayetamka "bia" kama alivyofundishwa na mama yake huhudumiwa mwisho, na hupewa acheze na shangazi za watu. Kwa nini maneno yote yananukia maji? Ah, bon, Léo si iko na mto mkubwa?

Wakaridhika. Jumapili mbili zilizofuata, makarani walijifunza. Waliandika maneno katika madaftari ya serikali, wakayakariri njiani, wakaulizana maswali kama watoto wa katekisimu. Mwalimu alilipwa kwa bia na nyama ya mbuzi, naye alijitolea kwa moyo wote, hasa kwa upande wa nyama. Na tusimnyime haki yake: klabu ilichangamka. Watu waliokuwa wakizungumzia mihuri sasa walicheka, wakaitana mabaharia, wakatupiana kamba toka meza hadi meza.

Ukweli ni kwamba Wellars hakuwahi kuiona Léopoldville hata kwa picha. Alikuwa amefagia sitaha ya meli ya ziwani miaka minne, akafukuzwa, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mabaharia wa Kivu wakienda kunywa. Mvuvi yeyote wa Nyamyumba angeyatafsiri huku anatoa magamba. Lakini karani wa Gisenyi, aliyetoka milimani na kupanda hadi kwenye tai, alikuwa radhi afe kuliko kuonekana anapiga soga na mvuvi. Elimu ina gharama zake.

Saidati yeye hakuwa na tai. Kila alfajiri alinunua samaki gatini, na kaka yake Kadiri alikuwa mkoleza moto wa meli ile ile. Jumapili ya kwanza alipomsikia Wellars alicheka mpaka mafuta yakamrukia mkononi. Lakini hakumfichua. Watu wenye maneno mapya wanapata njaa, na karai lilikuwa linakwisha mapema. Mtu kuwalia makarani nyama ya mbuzi si dhambi kubwa, aliona.

Jumapili ya tatu ndipo Wellars alipotoa habari yenyewe. Mabaharia wa Léo wana chama kikubwa, na chama kinatafuta rais wa tawi la Gisenyi. Rais atapata kadi yenye picha, na kila klabu kuanzia Goma hadi Léo atafunguliwa mlango kabla hajabisha. Harerimana alitokwa na jasho. Mmoja akauliza ada ni kiasi gani, na Wellars akakasirika kweli kweli: chama hakipokei pesa, kwani wao ni wauza ndizi? Mgombea hupeleka kitu anachokipenda kuliko vyote, wakubwa wakione, kisha kinarudi pamoja na kadi. Akaitazama gramafoni, kwa bahati mbaya tu. Meli iliondoka kila Jumatatu.

Harerimana hakula siku tano. Ijumaa akamwendea Saidati, si kuomba shauri bali kusifiwa, maana siri ya namna ile ilikuwa inamchoma. Saidati alisikiliza huku anageuza samaki, na kwa mara ya kwanza akaingiwa na hofu. Gramafoni ikipanda meli, yeye na watoto wake watakula nini? Angeweza kumwambia ukweli. Lakini jaribu wewe kumwambia mtu aliyekariri maneno arobaini kwamba ameyanunua kwa mfagiaji. Atakuchukia mpaka kaburini, na gramafoni ataitoa vilevile ili akukomoe.

"Ni jambo kubwa, kaka," akamwambia. "Lakini kitu ya namna hiyo haitolewe kimya kimya, watu watasema umeibiwa. Kwenu mutu akitoa kitu ya maana, anaitoa kama inka, kama ng'ombe. Umugabire, umupe mbele ya watu, kabisa, na yeye ashukuru. Ndiyo wakubwa wa Léo watajua umetoka kwa watu."

Harerimana alipenda hasa pale penye "mbele ya watu." Alipoondoka, Saidati alimwita mama mmoja wa Nyakiriba, kwao Harerimana, aliyekuja kuuza viazi, akamtuma na salamu kwa mzee Bizimana, baba mdogo wa Harerimana: mtoto wenu anagaba ng'ombe Jumapili. Salamu hazikusema ng'ombe huyo ana mkono wa kuzungusha.

Jumapili hiyo klabu ilijaa. Harerimana alisimama, akashika sanduku kwa mikono miwili, akatamka kwa sauti ya kanisani kwamba amemgabira Wellars ng'ombe. Wellars alikulia Bukavu na ng'ombe alimjua kama mchuzi, lakini watu walipomwambia ajibu, alijibu vizuri, mkono kifuani: "Yampaye inka, Harerimana." Amenipa ng'ombe. Akadhani ni namna ya kusema asante, kama merci. Nyuma, karibu na mlango, wageni kumi na wawili waliovaa mashuka ya kilimani walitikisa vichwa kukubali: kilichogabiwa kama ng'ombe ni ng'ombe.

Asubuhi ya Jumatatu Wellars aliwakuta gatini wageni wale, ukoo wa Harerimana. Walikuwa wamekalia mikeka yao, na sufuria, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Harerimana alikuwa katikati, amevaa tai yake bora. Mzee Bizimana alimpokea Wellars kwa kumkumbatia, akamwita mwana wetu, akamuuliza pombe iko wapi.

Pombe gani? Bizimana alieleza kwa subira, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Aliyegabiwa ng'ombe huwarudia wenyewe na pombe ili kushukuru. Ndiyo gukura ubwatsi, na bila hiyo ng'ombe haondoki. Ni kweli serikali ilikuwa imeshaanza kufuta mikataba ya kale ya ng'ombe kati ya bwana na mtumishi, kwa amri yenye muhuri. Kiu ya mababa wadogo ilikuwa haijatolewa amri.

Wapagazi wa gatini, waliosikia yote, walikataa kabisa kugusa sanduku. Kwa hiyo koti jeupe lilikwenda kwa Mukashyaka, likarudi likiwa mitungi minne ya urwagwa, pombe ya ndizi. Ukoo ulikunywa kwa mirija, polepole, kwa heshima zote. Mtungi wa mwisho ulipokwisha meli ilipiga honi, Wellars akainuka kwa haraka. Bizimana akainuka. Wote kumi na wawili wakainuka, wakakunja mikeka.

"Wazee munakwenda wapi?" akauliza Wellars.

"Léo," alisema Bizimana. "Inka haiendi malisho yenye hatuyaone. Tutalala kwako, mwezi moja, miwili, mpaka izoee. Na ndama ya kwanza unamurudishia Harerimana, donc tutaingojea kulekule. Iko na mimba?"

Wellars alisema hajui. Karani wa tiketi akauliza nani anawalipia abiria kumi na watatu. Ukoo ukamtazama Wellars, na Harerimana, akimeremeta kwa fahari, akawatuliza wote. "Musiogope. Atatupa kamba."

Wellars alikuwa amewakimbia polisi wa Bukavu na waume watatu wa Uvira, lakini hakuwahi kukimbizwa na watu wanaompenda. Akajisogeza hadi kwa Saidati, aliyekuwa na karai lake palepale karibu na ngazi, akamnong'oneza, "Dada, nisaidie. Hawa watu hawaniache."

"Nanga yako imenasa, baharia," alijibu Saidati bila kuinua macho. "Mutu akinasa anakata kamba mbele ya upepo kugeuka. Kadiri wa tanuru anakusalimia. Anasema ufagio yako bado iko."

Wellars akamwangalia yule mama wa samaki kwa mara ya kwanza tangu afike Gisenyi. Ilimuuma. Alikuwa amepita mbele yake Jumapili nne na hakumsalimia.

"Nifanye nini?"

"Mutu asiye na malisho anaragiza. Unaacha inka kwa mwingine, anaichunga, anakunywa maziwa, na inka inabaki yako. Lakini uniombe kwa sauti. Hawa wazee hawasikie vizuri."

Akaomba kwa sauti. Saidati akakataa, ana kazi nyingi. Akaomba tena, na safari hii alikuwa na machozi ya kweli, pengine ya kwanza katika kazi yake. Saidati akamgeukia mzee Bizimana kumuuliza kama ni halali, na mzee, ambaye tangu hapo hakuyapenda maji, akasema ni halali kabisa: malisho yanaonekana, yako karibu, na kila wakija kumtazama ng'ombe watapata pa kuketi. Sanduku likakabidhiwa Saidati mbele ya mashahidi thelathini. Wellars akapanda meli na shati tupu. Ukoo ulimpungia mikono mpaka akapotea, ukimkumbusha habari ya ndama.

Jumapili iliyofuata Saidati hakukaa mlangoni. Karai lake lilikuwa pembeni, karibu na stuli, na sheria ilikuwa rahisi: sahani moja ya muziki, samaki mmoja. Maziwa ni ya mchungaji. Dansi haikuwahi kuwa nzuri namna ile, na watu wa milimani, ambao tangu enzi za babu zao hawali samaki, walinunua samaki mpaka wakaisha.

Harerimana alinunua sita. Hakuwala, aliwapanga mezani mmoja baada ya mwingine, akawaeleza wenzake kwamba kadi itachelewa kidogo, Léo ni mbali. Alikuwa na furaha, labda kuliko siku alizokuwa na mali yake. Mara moja tu alijongea kwenye stuli, akasema kwa aibu kwamba angependa kuzungusha mkono mwenyewe, kidogo tu, kwa kuwa anaijua sindano yake.

"Mwenye inka ni Wellars," alimjibu Saidati kwa upole. "Akirudi na ndama, mi nitamupa. Lakini we, kaka, uliisha gaba mbele ya watu. Unataka waseme karani wa posta anazunguka inka yenye alitoa?"

Harerimana alifikiri, akaona ni kweli, akanunua samaki wa saba.