Mlio wa Usukani na Macho ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Gari langu limeanza kulia. Si honi, si breki. Nikikata kona, usukani unaguna: nguuuu! Kama ng'ombe mwenye kinyongo. Leo watu wote kituoni waligeuka. Nikatazama nyuma kwa lawama, kana kwamba ni gari la nyuma. Hapakuwa na gari la nyuma.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Ijumaa mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jumamosi asubuhi anafunguliwa bandeji, na atamwona binti yetu kwa mara ya kwanza. Mpaka leo mjukuu wake anamjua kwa vidole tu. Dereva wa siku hiyo lazima niwe mimi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, naye anautaka usukani huo. Gari lake ni kimya mno. Paka hulala juu ya boneti likiwa limewashwa. Jioni akasema, bila kumtaja mtu, kwamba mgonjwa hapandishwi kwenye gari linalolia kuliko yeye. Nikajibu kwamba ngurumo ni dalili ya uimara. Mama mkwe akacheka, akasema atapanda la yeyote, ilimradi mjukuu awemo.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Mbinu: redio! Nimefungulia sauti mpaka mwisho kila nilipofika konani. Hakuna aliyesikia usukani. Hakuna aliyesikia chochote. Mke wangu akaizima. Akanikumbusha kwamba yeye ni mwalimu wa kwaya, na anayeimba vibaya hafichwi kwa kumpigia kelele.

Nikamwuliza kwa heshima kama hospitali ina njia isiyo na kona. Akashuka, akamalizia njia kwa miguu.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Mbinu bora zaidi: grisi. Chuma kikilia, kipake. Nilijilaza chini ya usukani nikapaka kila nilichokifikia. Kwa bahati mbaya nilizifikia pia pedali.

Mguu uliteleza kwenye breki. Nikaingia kwenye kamba ya nguo ya jirani taratibu, kwa adabu, huku usukani ukiguna njia nzima. Gari likasimama limejitanda shuka. Jirani akasema maneno ambayo sitayaandika.

Shemeji akapita wakati huohuo. Sikumsikia akija. Nilimwona tu akinisikitikia kupitia dirishani.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Leo nimeona maajabu.

Mke wangu alichoka. Akaniketisha garini, injini inaunguruma, gari limesimama. Akafumba macho, mkono juu, vile anavyowasimamia waimbaji wake. Kata kulia. Nyoosha. Kata kushoto. Kanyaga mafuta kidogo. Acha. Nikatii kama mwanakwaya mgeni.

Akasema si magurudumu, maana hata tukisimama linalia. Na injini ikipanda, sauti nayo inapanda. Usukani ukinyooka, inashuka. Akafumbua macho. "Huyu anaimba bila pumzi," akasema.

Nikazima injini, akafungua boneti. Akanionyesha pampu ndogo ya usukani, inayozungushwa na mkanda. Kikopo chake cha mafuta kilikuwa kikavu karibu mpaka chini. Mpira wa kupitishia mafuta unaotoka pale ulikuwa umelowa, mwekundu, unadondosha tone moja moja kama kidonda.

Nilisimama kinywa wazi. Miaka yote nimeuzungusha usukani kwa vidole viwili nikijisifu kwa nguvu zangu. Kumbe kulikuwa na kiumbe humo ndani kinanisukumia, na kilikuwa na kiu!

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Mama mkwe ametoka salama chumba cha upasuaji. Tukamwacha amelala, tukaenda gereji.

Fundi aliusikiliza mlio akakubaliana na mke wangu: mpira umepasuka, mafuta yanatoka, pampu inavuta hewa. Akafunga mpira mpya, akajaza mafuta, akainua gari mbele kwa jeki. Kisha akauzungusha usukani polepole, upande hadi upande. Mimi nikapewa tochi.

Povu likapanda kikoponi. Mapovu makubwa, kisha madogo, kisha kama punje za mchanga. Akaongeza mafuta. Akazungusha tena. Mguno ukawa mnong'ono. Mnong'ono ukafa.

Kimya! Nilisikia bomba likidondosha maji upande wa pili wa gereji. Mke wangu akaushusha mkono wake polepole, kama wimbo umekwisha.

Nikamwambia fundi kwamba niliishuku pampu tangu Jumatatu. Mke wangu akapaliwa na mate.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Nimeendesha mimi! Shemeji akakaa nyuma, sikio limemsimama kama la sungura. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Akaniambia hongera kwa sauti ya mtu aliyemeza dawa.

Muuguzi akafungua bandeji. Mama mkwe akapepesa macho. Mke wangu akamsogezea mtoto. Mama akamtazama kwa muda mrefu, akamgusa shavuni. "Kumbe una kidoti hapa," akasema. "Vidole havikuniambia."

Shemeji akalia waziwazi. Nikampa leso. Akanirudishia, maana nami nilikuwa naihitaji.

Tukirudi, gari lilikuwa kimya hivi kwamba tulimsikia mama akijisemea dirishani: kijani. Kijani. Bluu ya mlango. Kijani. Nilikata kila kona kama nimebeba yai.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Friji ya mama mkwe inanguruma. Shemeji akapendekeza aitwe fundi. Nikacheka sana. Nikawaambia kwamba katika ukoo huu tumejaliwa mtu mwenye sikio. Mke wangu akainuka aje kuisikiliza. Nikamwomba apumzike, asijisumbue.

Nikafumba macho, nikainua mkono, nikaielewa mara moja. Nikaifungua kwa nyuma, nikaifunga. Skrubu kadhaa zimebaki mkononi. Nadhani kiwandani huweka za akiba.

Sasa haingurumi kabisa! Wala haipozi, lakini hilo ni tatizo jingine.