Taa ya Canela na Kipimo cha Moshi

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimepata kazi. Au niko karibu kuipata. Bi Okerlund wa kituo cha wazee amesema naanza Jumatatu ya tarehe ishirini. Kupeleka chakula cha mchana kwa wazee wasiotoka nyumbani, hapa Tulare na huko mashambani. Gari langu mwenyewe. Na mwanangu Itzel atalelewa pale pale kituoni, nikiwa jikoni napakia vyakula nitamsikia hata akipiga chafya. Tangu niache kupanga machungwa kiwandani sijaona kazi inayomtaka na mtoto.

Ila kwanza Bi Okerlund anataka cheti kwamba gari limepita kipimo cha moshi. Na taa ya injini ya Canela inawaka tangu Pasaka. Canela ndiyo gari letu, lina rangi ya mdalasini. Itzel anaipenda hiyo taa. Nikimpakata kwenye usukani gari likiwa limesimama uani, anaionyeshea kidole na kuichekea.

Wifi yangu Briseida, dada wa mume wangu Nazario, ana kimashine cha kuchomeka chini ya usukani, kinakuambia gari linaumwa nini kwa namba. Kikatoa namba moja. Wifi akasema mvuke wa petroli unavuja kwenye tangi, kifuniko kina ufa, ninunue kingine, basi. Huyu wifi anajua kila kitu. Alijua pia kwamba keki ya ubatizo haitaumuka. Haikuumuka.

Alipoingia ndani kufuata kahawa, nikaona kwenye kimashine kitufe cha kufuta. Nikabonyeza. Taa ikazima. Kifuniko cha nini tena?

Itzel amelia sana.

Jumanne, tarehe 7

Kwa mzee Hagop, mpima moshi. Nimelipeleka gari limeoshwa, na Itzel amevaa gauni la njano. Ukionekana nadhifu watu wanakuonea huruma.

Mzee kachomeka waya wake, katazama kioo cha mashine yake, kanitazama mimi. Akauliza nani kafuta. Nikauliza kafuta nini. Akasema, "Binti, kompyuta ya gari hili imezaliwa leo. Haijui lolote. Sasa mimi nimpe mtihani mtoto mchanga?"

Akanieleza taratibu. Ukifuta namba unafuta na kumbukumbu zote. Inabidi gari liendeshwe siku kadhaa, mjini na barabara kuu, lijipime lenyewe kiungo kwa kiungo. Likimaliza, ndipo yeye anapima. Kwa hiyo sijafeli, nimerudishwa tu nyumbani. Ni tofauti kubwa.

Nimemwambia Nazario kulikuwa na foleni.

Jumatano, tarehe 8

Mzee alisema barabara kuu, mwendo mmoja, bila kukanyaga breki, halafu uachie gari lipungue lenyewe. Rahisi. Na mama mkwe, Doña Eulalia, alikuwa anataka kwenda Visalia na sufuria ya pozole, supu ya mahindi na nyama, kwa ajili ya sherehe ya kanisa. Ndege wawili kwa safari moja. Nikampakia nyuma na Itzel, sufuria mapajani.

Barabara ya 99 ilikuwa shwari mpaka tulipolikuta lori la nyanya. Mama mkwe akasema nipunguze. Nikamwambia siwezi, mama, gari liko kwenye mtihani. Akauliza mtihani gani. Nikasema linajipima viungo. Akaanza rozari kwa sauti. Lori likaruka kishimo, nyanya zikaja, moja ikapasukia kioo mbele ya macho yangu. Nikakanyaga breki.

Supu imemwingia mama mkwe mpaka kwenye soksi. Amesema alipokuwa anamlea Nazario kwa shida zote zile hakujua kuwa analea mume wangu. Itzel alipata mahindi yaliyonasa kitini, akala kwa furaha. Kanisani wamekula mkate.

Ijumaa, tarehe 10

Taa imerudi. Itzel amepiga makofi. Angalau mmoja wetu ana raha.

Wifi kapita, mama mkwe keshamsimulia yote. Swali lake la kwanza: kifuniko umenunua? Nikasema niko mbioni. Sikuwa mbioni. Nikinunua kifuniko, kazi itakuwa imepatikana kwa akili ya Briseida, na mpaka Itzel aolewe nitakuwa nasimuliwa. Badala yake nimeweka mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa tangi, nikafunga kifuniko cha zamani juu yake. Umebana vizuri kabisa.

Ikabaki taa. Nimefikiri sana wakati nafua. Kosa langu la kwanza lilikuwa kubonyeza kitufe cha kufuta, mzee akagundua. Basi sibonyezi. Nimechomoa waya wa betri, nikaanika nguo zote, nikaurudisha. Taa haipo! Na hapo sijafuta kitu. Gari limepata usingizi kidogo tu, kama mtu yeyote.

Sijui kwa nini watu hawalifikirii jambo hili.

Jumamosi, tarehe 11

Mzee Hagop kachomeka waya, kaguna. "Limezaliwa tena." Akamwangalia Itzel, akauliza kama na huyu huwa namzaa upya kila wiki. Nikaapa kuwa sijabonyeza kitu. Akasema betri ni yale yale, kompyuta ikikosa umeme inasahau. Nikamwambia mimi huwa nikilala sisahau. Akasema, "Ndiyo maana sikupimi wewe."

Nyumbani Nazario kaingia garini, redio imesahau stesheni zake zote, na saa inasema ni usiku wa manane wakati jua linachoma. Akajua. Hakugomba, ingekuwa afadhali. Kauliza kwa upole kama kweli naitaka ile kazi. Nikamwambia naitaka kuliko kitu chochote, kwamba nimeshaona kikabati ambacho watamwekea Itzel viatu vyake. Nikalia. Siku zimebaki chache na kila ninachofanya kinaturudisha mwanzo.

Akaenda kwa dada yake. Wifi akaja na kandambili miguuni. Hakunisema. Kasema tu, "Wifi, lete funguo. Chukua gari langu mpaka Ijumaa. Na usiguse kitu chenye waya."

Yeye anafua mashuka ya hospitali Fresno, anaipanda 99 kila siku alfajiri kwenda na jioni kurudi. Nimemwelewa. Amechoka na gari lake, anataka kubadilisha hewa. Nikampa Canela kwa moyo mweupe.

Jumatano, tarehe 15

Gari la Briseida halina taa hata moja inayowaka. Itzel analiona halina maana.

Jioni wifi kapita kuchukua tamale za unga wa mahindi nilizompikia. Nikaona Canela ina kifuniko kipya cheusi kwenye tangi. Mfuko wangu ulikuwa umetupwa kwenye kiti cha nyuma, umekunjwa kama leso. Kasema alipita dukani siku ile ile aliyolichukua gari, na tangu hapo taa haijarudi. Nikamsifu, nikamwambia kinapendeza. Mtu akitaka kuwa na mchango wake, usimkatishe tamaa. Bila ule usingizi wa betri angekuta gari lina hali gani?

Ijumaa, tarehe 17

Tumepita!

Mzee Hagop kachomeka, kangoja, katikisa kichwa kwa kuridhika. Kasema gari sasa lina akili za mtu mzima, limejipima lote na hakuna namba. Nimemkumbatia. Kanishika mabega, kaniambia polepole kabisa nisifute tena kitu chochote. Nikamwahidi kwa sababu alikuwa na wasiwasi.

Bi Okerlund kakiona cheti, kasema Jumatatu saa mbili. Nazario kambeba Itzel juu juu uani mpaka mama mkwe akapiga kelele.

Wifi alikuwa kasimama mlangoni. Nikamwambia umeona, betri ilikuwa inahitaji kupumzika tu. Kasema naomba kahawa, wifi. Nimemtilia na maziwa ya kopo, yale mazito anayoyapenda. Nampenda huyu mwanamke, hata kama hajui kushindwa.

Jumatatu, tarehe 20

Siku ya kwanza. Itzel kavuliwa viatu, kawekewa kikabatini, hakulia hata kidogo. Nimelia mimi. Mzee mmoja wa kule kwenye mashamba ya lozi aliniomba nikae akila, kwa kuwa peke yake hasikii ladha. Nikakaa. Kila nyumba wamenisifia gari.

Wakati wa kurudi nimemkuta Rosalba, anayepeleka chakula upande wa reli, analia ndani ya gari lake. Taa ya injini imewaka jana na kesho asubuhi ana kipimo kwa mzee Hagop. Wifi wake amemwambia anunue sijui kitu gani.

Nimemfuta machozi. Nimemwambia asinunue chochote, asihangaike na mtu. Nitapita kwake mapema kabla hajaondoka, nimchomolee betri.

Maskini, alikuwa hana mtu wa kumwelekeza.