Foleni ya Amani

Jumatatu, 9 Machi

Miaka nenda miaka rudi nasoma foleni redioni! Asubuhi foleni, jioni foleni. Shemeji, kaka wa mke wangu, yeye kapewa kutangaza kriketi. Kiti kinachozunguka, kiyoyozi, chai analetewa. Mimi natangaza nikiwa chumba kimoja na ndoo za kudekia.

Jumatano kuna mechi ya kimataifa hapa mjini. Manahodha wa timu hizo mbili hawapeani mikono. Serikali zao zimenuniana, basi na watu wazima wenye helmeti nao wananuniana! Dunia nzima itasikiliza. Na atakayesikika ni Shemeji.

Nimemuuliza bosi: Shemeji akichelewa, nani atakaa kwenye kile kiti? Kajibu bila kuinua macho kwamba atakaa aliyepo.

Aliyepo!

Jumanne, 10 Machi

Nimesoma sheria za kriketi nikiwa chooni. Nimeambulia mambo mawili: wanapumzika kunywa chai, na mvua ikinyesha hawachezi. Yatosha.

Mpango: Shemeji hupita barabara ya darajani kwenda uwanjani. Kesho alfajiri nitatangaza kwamba barabara ya sokoni imefungwa, bomba la maji limepasuka. Magari yote yatahamia darajani. Kisha mimi nitapita sokoni peke yangu, kama rais.

Mke wangu kauliza mbona nacheka peke yangu. Nimesema ni mambo ya kazi. Kasema kazi yangu haijawahi kumchekesha mtu.

Jumatano, 11 Machi

Mji mzima umenitii! Darajani hakuna tairi lililozunguka. Nimekaa kwenye kiti. Kinazunguka kweli. Nimesalimia mataifa.

Uwanja mtupu. Nimeeleza nyasi. Baadaye nimeeleza nyasi za upande wa pili. Bosi kapiga simu akifoka: umesahau kwamba timu zote mbili zimelala ng'ambo ya daraja? Nimemjibu kwamba sikusahau. Sikuwa nikijua.

Ghafla wamenikata katikati ya nyasi. Shemeji hewani! Kwa simu, darajani, katikati ya mabasi mawili ya wachezaji. Teksi imezimika mbele yao. Manahodha wote wawili wameshuka kuisukuma. Imewaka. Kwa furaha wamejisahau, wakapeana mikono. Shemeji kalia hewani. Mke wangu kalia nyumbani. Hata mlinzi wa uwanja kalia, tena akafuta machozi kwa karatasi yangu ya sheria.

Alhamisi, 12 Machi

Magazeti yote: "Daraja la Amani". Picha ya Shemeji, manahodha wamemkumbatia huku na huku. Na foleni hiyo aliileta nani? Wanadiplomasia wamekula posho mwaka mzima bila kupata hata salamu moja. Mimi nimeipata kwa bomba la uongo!

Nimeingia kwa bosi kudai heshima yangu. Kaniuliza mara mbili kama kweli bomba halikupasuka. Nimejibu kwa fahari: halikupasuka.

Ijumaa, 13 Machi

Bosi hataki nitaje barabara yoyote tena. Mke wangu anasema nimshukuru kaka yake, ndiye aliyenililia nisifukuzwe. Nimshukuru! Mechi imeahirishwa hadi Jumapili, na kiti ni chake, sasa kimewekewa na mto wa mgongo.

Mimi nimehamishiwa hali ya hewa. Wataalamu wameniletea taarifa: Jumapili jua kali, anga jeupe. Shauri yao. Nitatangaza gharika.

Shemeji hana mwavuli, hatatoka nyumbani. Mimi ninao.